"Metamour", "hinge", "nesting partner"... mwenye kukijua hiki kimombo cha mapenzi anisaidie

NaskizaNaandika

Wakuu hamjambo. Mimi kazi yangu ni kuandika maneno ya watu, yaani natumiwa sauti, navaa hedifoni, naandika kila kinachosemwa neno kwa neno, na nalipwa kwa dakika za ile sauti si kwa dakika nilizokaa hapo kitini, kwa hivyo neno moja nisilolijua laweza kunila nusu saa nzima ya bure. Mahubiri nimeandika, mikutano ya bodi nimeandika, kesi za bima ndio usiseme, hayo nayafanya huku naosha vyombo. Sasa mwezi huu nimepewa podkasti ya Marekani, watu wanaeleza mapenzi yao, na si ya wawili, ni watatu wanne watano na wote wanajuana na wanasalimiana na wanaalikana birthday. Na wanaongea mbio kama wanafukuzwa.

Faili la kwanza limerudishwa na alama nyekundu kumi na moja. Mama mmoja anasema hataki mpenzi mwingine kwa sasa kwa sababu yuko "polysaturated", mie nikaandika "polyunsaturated", nikajua wamehamia kwa mafuta ya kupikia maana hilo neno nimelisoma mwenyewe kwenye chupa. Jamaa anasema "my metamour", nikaskia "met a more", nikaandika hivyo hivyo. "My comet" nikaacha pengo kabisa, nyota yenye mkia yaingiaje kitandani?

Sasa maneno mengine nimeyapata kwa kugugo lakini maana yake ndio hainiingii. Nikijitafsiria kichwani kwa Kiswahili ndio nazama zaidi, mitala si mitala, mpango wa kando si mpango wa kando. Kwa mfano kuna mgeni alikasirika kabisa pale mtangazaji alipomwita "polygamist", nikashangaa, wewe una wapenzi watatu wataka uitweje? Na mwingine analia kwamba "he cheated on both of us". Alichiti vipi na nyinyi nyote mulikubali? Halafu kuna hii "the lifestyle", wanasema "we've been in the lifestyle for ten years", lifestyle gani, kila mtu si ana maisha yake?

Nina faili sita zimebaki na deadline Jumatatu. Musinicheke.

FundiManeno_Dar

Dada pole, mimi nishakaa miaka kadhaa kwenye kuweka maandishi chini ya filamu kwa hiyo nakuelewa, ile hali ya kurudisha sekunde nne mara ishirini mpaka jirani anakariri.

Nianze na aliyekasirika maana fundo lote liko hapo. "Polygamy" ni Kigiriki, "gamos" ni ndoa, kwa hiyo ni ndoa nyingi. Ndani yake kuna "polygyny", mwanamume mwenye wake wengi, na "polyandry", mwanamke mwenye waume wengi, ila sisi tukisema mitala hakuna anayeuliza ni ipi, wote tunajua. Na kwetu ni ndoa kweli, ina mahari, ina urithi, ina wakwe. Sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua, na kwenu Kenya sheria ya 2014 imeiruhusu kwenye ndoa za kimila na za Kiislamu, mnakumbuka wabunge wanawake walivyotoka bungeni usiku ule kilipofutwa kile kipengele cha mke wa kwanza kukubali kwanza. Sasa kwa Mmarekani hilo neno lina harufu nyingine kabisa. Kule kuoa wa pili ni kosa, mahakama yao ya juu ilishasema tangu karne ya 19 kwenye kesi ya Reynolds, Mmormoni wa Utah, kwamba dini haikupi ruhusa ya kuoa wawili, na 1890 kanisa lenyewe la Wamormoni likatangaza kuachana na hiyo kitu. Kwa hiyo ukimwita mtu "polygamist" yeye anaona mzee wa jangwani na mabinti wasioulizwa wanataka nini. Ndio maana alikasirika. Ni kama umwite mganga wa mitishamba "mchawi".

"Polyamory" ni neno la juzi tu, wengi wetu humu tumelizidi umri. 1990 mama mmoja anaitwa Morning Glory Zell aliandika makala kwenye Green Egg, jarida la kundi lao la kipagani huko Marekani, akatumia "poly-amorous", halafu 1992 likafunguliwa kundi la mazungumzo kwenye Usenet, yale mabaraza ya zamani ya mtandaoni, kwa jina hilo, hapo ndipo likatoka mbio. Kamusi ya Oxford ikaliingiza 2006. Neno lenyewe chotara, "poly" Kigiriki na "amor" Kilatini, kuna utani wao wa zamani kwamba kosa la poliamori si wapenzi wengi, ni kuchanganya lugha mbili. Ila ona "amor" imekaa pale ilipokuwa "gamos". Ndoa imetoka, mapenzi yameingia. Na mwanamke naye anaruhusiwa wengi, hilo mitala haina hata kwa dawa. Na la tatu, kila mtu ajue na akubali. Asipojua mmoja, basi kwa hesabu yao hiyo si poliamori, ni uchepukaji kama mwingine wowote.

Hapo ndipo jibu la kuchiti. "Cheat" kwa hao haina maana ya kulala na mwingine, ina maana ya kuvunja makubaliano. Walikubaliana akipata mtu mpya awaambie kabla, hakuwaambia. Basi kachiti. Wangekubaliana asilale nje Ijumaa akalala nje Ijumaa, kachiti. Kwetu kosa ni tendo, kwao kosa ni kuficha, kwa hiyo ukiandika tu "aliwasaliti" unakuwa sawa, ukiandika "alizini" umeharibu.

Sasa angalia maneno yetu sisi. Mchepuko ni njia ya kuchepuka, hata kampeni ya ukimwi ilisema michepuko si dili baki njia kuu. Nyinyi mpango wa kando. Nyumba ndogo. Hawara, kimada. Yote yako pembeni, yote yako kizani. Tunayo maneno ya kihalali yenye ndoa na tunayo maneno ya kificho, ila pale katikati, pa watu wasiooana na wasiojificha, pako wazi kama uwanja. Ndio maana kila ukitafsiri unaangukia ama kwa sheikh ama kwa gesti bubu.

MjaMwema77

Mnahangaika bure, Kiswahili kina neno moja tu la hayo yote nalo ni UZINZI. Wazungu wamekaa wakatunga msamiati mzima wa kufunika dhambi, kesho mtatuletea msamiati wa wizi wa ridhaa.

NaskizaNaandika

@MjaMwema77 ndugu yangu sikukatazi, lakini nikimuandikia mteja "uzinzi" mara arobaini na mbili kwa saa moja ya sauti sitalipwa. Mie naandika walichosema, si nilichoskia moyoni mwangu.

@FundiManeno_Dar ahsante sana, hapo kwa kuchiti umenifungua kichwa. Malizia basi, metamour na huyo comet.

FundiManeno_Dar

"Metamour" ni mpenzi wa mpenzi wako. Wewe na yeye hamna kitu, mnaunganishwa na mtu wa katikati. Sasa nikuulize, neno gani la Kiswahili linasema hivyo? Mke mwenza! Sisi tulikuwa nalo tangu babu na babu, lina heshima yake, lina vita vyake, lina taarab zake. Waingereza walikuwa na "co-wife" ya kwenye vitabu vya wanaanthropolojia, haikuwa neno la mtu kusema sokoni, ikabidi watunge. Nimefurahi sana siku nilipogundua hilo, kwa mara moja sisi ndio tuko mbele. Tofauti ni kwamba metamour anaweza kuwa mwanamume na hakuna ndoa. Mume mwenza tunasemaga kwa kutania tu, na anayetaniwa hacheki.

Huyo wa katikati ndio "hinge", bawaba. Mbao mbili haziguzani, zinazunguka kwenye bawaba moja. Wakikaa hivyo wanaitwa "vee", ile herufi V. Wakiwa watatu na wote wana mapenzi na wote ni "triad", magazeti yanapenda "throuple". Mtandao mzima wa wapenzi na wapenzi wa wapenzi ni "polycule", wamekopa kwenye "molecule", ile michoro ya kemia ya vidude vilivyoshikana vijiti.

"Nesting partner" ni yule mnaishi naye nyumba moja, "nest" kiota. Zamani walisema "primary" na "secondary", wa kwanza na wa pili, wengine bado wanasema, ila wengi waliona kumwita mtu wa pili ni kumtukana, wakahamia kwenye kiota. (Hapa wake wakubwa na wadogo wa kwetu wangewacheka, ukubwa kwetu ni cheo na unaudai.) "Comet" ni mpenzi wa mbali, anapita mara moja kwa mwaka anawaka halafu anapotea, hamjaachana. Hukusikia vibaya dada, ni nyota yenye mkia kweli. "Polysaturated" ni utani wa hayo hayo mafuta yako, maana yake nimejaa, sina siku iliyobaki kwenye kalenda.

"NRE" wakiitaja, usiandike shirika la umeme, ni "new relationship energy", ule moto wa penzi jipya mtu anaposahau hata kula. Kipya kinyemi ingawa kidonda, basi.

Na "the lifestyle" si poliamori, chunga hapo. Hao ni "swingers", mke na mume wanaokwenda pamoja kwenye pati au klabu, wanabadilishana kwa usiku huo, wanarudi nyumbani pamoja, mapenzi hayatakiwi. Zamani waliita "wife-swapping", kubadilishana wake, wanawake wakasema sisi si kuku wa kubadilishana mnadani, ndio ikaja "swinging", na siku hizi wenyewe wanajiita tu "lifestyle" ili mtu wa pembeni asishtuke. Wakisema fulani ni "vanilla" hawazungumzii aiskrimu, ni mtu wa kawaida asiye wa mambo hayo. "Open" nayo iko katikati, mnaruhusiana mwili nje lakini moyo ubaki ndani. Hilo la "open marriage" lilienezwa na kitabu cha mke na mume, Nena na George O'Neill, 1972, na cha kuchekesha kitabu kiliongelea zaidi mke na mume kupeana nafasi, marafiki, kazi, yale ya kitandani yalikuwa sehemu ndogo tu. Wasomaji wakabeba hiyo sehemu ndogo wakaacha kitabu.

BaridiNaUgali

Mimi niko Minnesota, natafsiri hospitalini kwa watu wetu wanaozungumza Kiswahili, na hili neno "open" limewahi kuniaibisha mpaka leo nikilikumbuka nakunja vidole vya miguu ndani ya kiatu.

Sitataja mtu wala mahali. Mzee kaja kwa mambo yake ya presha, nesi mpya ana fomu kwenye tableti anauliza maswali kwa mstari. "Are you monogamous?" Mimi nikamuuliza mzee, una mke mmoja? Akajibu nina wawili, mmoja yuko huku mmoja bado kambini. Nesi hakutikisika, amefundishwa asitikisike, akauliza "So is it an open relationship?" na mimi, Mungu anisamehe, nikatafsiri kama lilivyo: mzee, uhusiano wenu ni wa wazi? Mzee akajiweka sawa kwenye kiti akasema wazi kabisa! Mahari nilitoa mbele ya ukoo mzima, kijiji kilikula siku mbili, nani hajui? Nikarudisha kwa nesi "yes, completely open". Nesi tiki. Akaja na swali linalofuata, na wake zako kila mmoja ana wenza wangapi?

Jamani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kutafsiri ndipo akili ikanirudia. Nikamwomba nesi dakika moja, nikamwambia kama mtafsiri nadhani nimekosea neno, naomba turudi nyuma. Tulirudi. Mzee hakujua lolote mpaka leo, na ile tiki ilifutwa nikiiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo nilichojifunza: "wazi" ya Kiswahili ni kinyume cha siri, "open" ya Kiingereza hapo ni kinyume cha kufungwa, mlango uko wazi wengine waingie. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Siku hizi nasema kirefu bila aibu, "mmekubaliana kwamba kila mmoja anaweza kuwa na mtu mwingine?" Ni sentensi ndefu lakini haijawahi kunipeleka pabaya.

Lingine la hospitali ambalo utalikuta kwenye hizo podkasti maana wanalipenda, "fluid bonded". Ni wawili waliokubaliana kuacha kondomu kati yao, na wengine nje bado wanatumia. Mara ya kwanza nilidhani ni gundi. Na "partner", hilo ndio neno gumu kuliko yote wala si la kigeni. Programu za ukimwi zilituzoesha "mwenza" na limekaa vizuri, halisemi mke halisemi mume halisemi mmoja wala wangapi. Tumia mwenza.

Ah na "they". Kiingereza sasa "they" inaweza kuwa mtu mmoja asiyetaka kuitwa "he" wala "she", na kwenye podkasti ya watu wenye wapenzi wanne "they" inaweza kuwa mmoja au wote. Kwetu "yeye" haina jinsia, raha tupu, ila lazima uchague "alikuja" au "walikuja" na hapo ndipo utatafuta mwenyewe.

SauliWaGoma

Nimesoma nacheka peke yangu kwenye basi. Huku kwetu Kongo kwa ile ya siri tuko na "deuxième bureau", ofisi ya pili, juu bwana anaambia bibi yake ako na kazi mingi ku biro. Kila mtu anajua, bibi anajua, jirani anajua, lakini hakuna anayesema. Sasa nauliza ndugu wa Dar, kama wote wanajua lakini hakuna aliyekubali kwa mdomo, Wazungu wanaitaje hiyo?

FundiManeno_Dar

@SauliWaGoma swali zuri. Wana kitu karibu na hicho wanaita "don't ask, don't tell", usiniulize sikwambii, wameliazima kwenye ile sera ya jeshi la Marekani kuhusu mashoga iliyoanza 1993 ikafutwa 2011. Lakini hata hiyo inatakiwa mkae mara moja mkubaliane kwamba hamtaulizana. Ya kwenu hawakukaa. Mke amekaa kimya kwa sababu akisema ataambiwa arudi kwao. Kimya cha hivyo Mzungu wa poliamori hakiiti ridhaa, na kwa kweli mimi pia sikiiti. Ila na wao wasijifanye malaika, kwenye hizo podkasti usikilize vizuri utawasikia, mwenye nyumba na mshahara ndiye anayependekeza kufungua uhusiano na mwenzake anakubali kwa sauti ndogoo.

@NaskizaNaandika nimekumbuka, wakitaja "compersion" ni ile furaha ya kumwona mpenzi wako akifurahi na mwingine. Ilitoka kwenye jumuiya moja ya San Francisco ikiitwa Kerista, 1971 mpaka 1991, waliishi kwa makundi na ndani ya kundi walikuwa na ratiba ya nani analala na nani usiku gani, inazunguka. ZAMU! Walihangaika na makaratasi kuvumbua zamu. Hao hao ndio wenye "polyfidelity", uaminifu ndani ya kundi lililofungwa, hakuna kutoka nje. Compersion kwa Kiswahili sijaipata na nimeshatafuta. "Kutoona wivu" haitoshi, ni zaidi ya kutoona wivu.

Bi_Mkubwa_Kweli

Nimekaa ukewenza miaka kumi na tisa. Hiyo compersion sikuwahi kuiona hata siku moja. Lakini mwenzangu alipojifungua kwa upasuaji nilikanda miguu yake siku arobaini na nikampikia uji wa pilipili manga, na bwana hayupo, alikuwa safarini. Sasa hiyo mtaiitaje?

NaskizaNaandika

Bi Mkubwa shkamoo. Hiyo nadhani wao wangeita "kitchen table", nimeikuta kwenye faili la tatu, "kitchen table poly", wapenzi wote waweza kukaa meza moja ya jikoni wakanywa kahawa bila kununiana. Na kinyume chake ni "parallel", kila mmoja na njia yake kama reli, hawakutani. Ile ya meza ilinisumbua maana jikoni kwetu hakuna meza, kuna mbuzi ya nazi na jiko la makaa, atakayekaa hapo ni wa kukuna nazi. Nimeiandika kando ya daftari yangu "kula sinia moja", si ya kumtumia mteja, ya kunisaidia mwenyewe nikumbuke.

Basi nimerekebisha faili la kwanza, alama kumi na moja zote nimezielewa isipokuwa moja. Mgeni anasema yeye na mkewe waliacha kuwa "unicorn hunters" kwa sababu ilikuwa inawaumiza watu. Unicorn ni yule farasi wa pembe wa hadithi, huyo namjua. Anawindwa wapi na kwa nini?

BaridiNaUgali

Ni mwanamke mmoja wanayemtafuta mke na mume, awapende wote wawili sawasawa, asiwe na mwingine, asiwe na wivu, asiombe siku yake, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayeondoka. Wanamwita "unicorn" kwa sababu hayupo.

NaskizaNaandika

😂😂 Huyo namjua, tulikuwa tukimwita dada wa kazi. Narudi kwa hedifoni.